Mifugo ya Kwenye Ndoo

Nina hasira za karibu, na kila mtu nyumbani kwetu Kharumwa anajua. Kwa hiyo niliporudi kutoka mnadani nikakuta ndoo yangu ya utafiti imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa, na kitambaa changu cha kaboni kimeanikwa kambani pamoja na kanga, nilipiga kelele mpaka ndama wakashtuka zizini.

Mle ndooni kulikuwa na tope la majaruba ya mpunga, nililolichota mwenyewe. Ndani ya tope mnaishi vijidudu visivyotaka hewa. Vikila mabaki ya mimea, huachia umeme kidogo. Kitambaa kilichozikwa chini huukusanya, na waya huupeleka kwenye kitambaa cha pili kinachoelea juu, penye hewa. Nilikuwa nimekaribia nusu volti. Haiwashi hata taa, sawa, lakini jamani, ni umeme kutoka kwenye tope. Kila asubuhi nilichungulia mita yangu kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

Na kesho yake profesa anayenisimamia alikuwa anakuja kutoka chuoni. Alishasema wazi: asipoona seli ya umeme inayofanya kazi huku kijijini, nirudi maabara, niachane na habari za majaruba.

Mama alikuwa amesafisha kwa heshima ya mgeni. Profesa mzima aje akute ndoo inanuka mlangoni kwake? Nikamjibu kwa ukali kwamba ameua. Akauliza ameua nani. Hapo ndipo nilipomweleza kwa mara ya kwanza, maana miezi yote ile nilikuwa namwambia tu kwamba ni mambo ya chuo.

Aliinamia ile ndoo, akachungulia ndani.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "umeleta mifugo nyumbani kwangu, inakula, inalala hapahapa, na hukuniambia?"

Hasira zikaniishia. Nilienda kukianua kile kitambaa kambani.

Jioni ileile tulichota tope jipya. Samadi aliiongeza yeye, akisema hawa waliokuja lazima wana njaa. Profesa alipofika, mita ilisoma karibu na sifuri. Mama alipiga magoti kumsalimia, kisha akamweleza mwenyewe kwamba ndiye aliyewaosha. Profesa alicheka sana, ila msimamo wake haukulegea: mpaka mwisho wa mwezi seli iwe imeamka, la sivyo nifungashe.

Siku za kwanza, hakuna kitu. Nililala vibaya, nikala vibaya. Mama akahamishia kigoda chake kando ya ndoo, akawa ananiuliza maswali: wanasikia baridi? Jua likiwapiga inakuwaje? Mengine nilikuwa sijawahi kujiuliza, ikabidi nikasome. Asubuhi moja namba zikaanza kupanda, taratibu, na mwezi haujaisha zikapita pale tulipokuwa mwanzo. Nikapiga picha ya mita, nikamtumia profesa. Akajibu kwamba nibaki, tena niongeze ndoo.

Nilimkumbatia mama, nikalia kwa furaha. Yeye macho yalikuwa bado kwenye tope.

"Sasa niambie, huo umeme unawatokea mdomoni au nyuma?"

Nikamwambia unapita kwenye ngozi, mwili mzima, na kwamba hata chuoni bado tunabishana unapitaje. Aliinuka, akaleta kigoda cha pili, akakiweka karibu na chake.

"Basi kaa," alisema, "tuwaangalie."