Rasi ya Mama Gunhild

Halvdan, mwinda nyangumi wa mji wa Sandefjord, aliogopa kumkabili mama mkwe wake. Mwaka uliopita, kule Antaktika, yeye ndiye aliyeiona rasi mpya, na nahodha akakubali iitwe Gunhild, jina la mama mkwe huyo. Mama mkwe akaringa mtaa mzima. Safari hii walipita tena pale, wakakuta bahari tupu.

"Mama, nisamehe. Kumbe haikuwa nchi kavu. Lilikuwa pande la barafu, limeelea likaenda zake."

Gunhild, ambaye maishani hakuwahi kutoka nje ya mji, akaacha kumenya viazi.

"Limeelekea wapi?"

"Nani ajuaye, mama? Popote."

Uso ukamchangamka.

"Nipe koti langu, nikamwambie jirani Borghild. Hiyo rasi aliyopewa na mwanawe imeganda palepale kama mwenyewe. Yangu inatembea!"