Ng'ombe Walirudi, Ndoa Ikabaki

Admin, nifichie jina. Wa Ipogolo watajijua wakisoma, na wajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, nafanya biashara ya viazi hapa Mbeya. Nilianza na debe moja sokoni, leo napakia lori, na hakuna mwanaume aliyenishika mkono. Mume wangu wa ndoa ya kanisani tulitengana miaka saba iliyopita, alipomwingiza mwanamke mwingine kwenye nyumba yetu ya Ipogolo, Iringa, ambayo matofali yake niliyachoma kwa kuni nilizokata mwenyewe. Ndugu zake wakaitisha kikao, wakasema mahari yao irudi. Baba yangu hakuwa na kitu. Nikanunua ng'ombe watatu kwa jasho langu, nikawapeleka. Shemeji yangu, kaka wa mume, akawapokea, mmoja wakamchinja siku ileile, akaniambia huku anatafuna, "Sasa wewe ni mtoto wa watu. Miguu yako tusiione tena hapa." Wote tukajua ndoa imeisha. Mahakamani hakwenda mtu.

Mwaka huu mume wangu kapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Nilikuwa napakia mzigo shemeji akapiga simu, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, shemeji!" Nikamuuliza, shemeji wa nani? Akasema wamepata mnunuzi wa nyumba, eti hela ya matibabu, ila mnunuzi anataka ridhaa ya mke mwenye cheti. "Na ng'ombe wangu?" Akacheka. "Ah, mama, tangu lini ndoa ya kanisani ikavunjwa na ng'ombe?"

Nikaenda kwa mwanasheria. Akaniambia kurudisha mahari hakuvunji ndoa. Bila talaka ya mahakama mimi bado ni mke, nyumba haiuzwi nisiporidhia, na naweza kuiomba mahakama nisimamie mali za mgonjwa. Nilicheka mpaka akaniletea maji.

Nikapanda basi kwenda Iringa. Sikwenda kumwona mgonjwa, nisiwadanganye. Nilikwenda kuingia kwangu. Nikamkuta yule mwanamke anamfuta mwili, chumba kinanukia sabuni. Nikamwambia funga mizigo, mwenye nyumba amefika. Hakubisha.

"Dada, nyumba sidai. Ngoja tu nikuonyeshe anavyogeuzwa, mgongo usije ukaoza."

"Nimegeuza magunia ya kilo mia mimi, nishindwe na nusu mtu?"

Mume wangu akamshika sketi kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Yeye alilia. Mwanamke hakulia, si mbele yangu.

Ni wiki ya pili sasa. Shemeji kashindwa, nyumba haijauzwa. Lakini mgonjwa amegoma kula mkononi mwangu. Nikileta uji anabana meno, ananitazama. Juzi nilimbana pua ili afungue kinywa. Akafungua, akanitemea wote kifuani. Daktari anasema awekwe mpira wa kulishia puani, na wa kuridhia ni mimi, mke. Yule mwanamke kapanga chumba mtaa wa pili. Kila asubuhi anapita, anasimama getini kwangu, anauliza neno moja tu, "Amekula?" Mpaka leo sijamjibu.

Nikimrudisha, shemeji atakwenda kusema mahakamani kwamba nimemtambua kuwa ndiye mke wa nyumba ile. Nisipomrudisha, mtu atakufa na njaa mikononi mwangu, nami nitakuwa mjane halali mwenye nyumba yake. Na hilo la pili, ndugu zangu, kuna siku naamka halinitishi. Ndiyo maana nawaandikia kabla sijalizoea.

Msiniambie nisamehe, hilo mchungaji ameshaniambia. Nishaurini kitu kimoja: kesho akisimama pale akiuliza, nimfungulie geti, au nimwambie amekula?