Gari Lilipovuta Kushoto

Nikisikia harufu ya breki zinazoungua, mkono wangu humtafuta mwanangu.

Tulikuwa tunashuka kutoka Lukozi na pikapu ya baba, imejaa kabichi. Mama alikaa katikati, mimi dirishani, upande wa korongo, na gari likawa linavuta hukohuko.

"Mzigo umelala," baba akasema. Tukashuka, tukahamishia kabichi upande wa mlima. Likavuta vilevile.

Mama akamsimamisha baba. Akaitemea mate rimu ya kulia, yakatiririka. Kwenye ya kushoto yakachemka.

"Baba watoto, breki ya huku imekamata."

Baba akaimwagia maji, akangoja ipoe, akawasha gari bila kutuangalia.

Mama akanitoa dirishani. "Nipishe, nataka hewa."

Tulishuka kona zote, dirisha hakulifungua.