Raba za Rangi ya Chungwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, nilitoka kwa daktari wa meno mjini nimeziba mdomo kwa mkono, na sikuutoa mpaka nilipofika nyumbani Kabiria. Nilikuwa nimeenda kuwekewa vyuma vya kunyoosha meno, na nilitaka vya kauri, vile vyeupe kama jino lenyewe, mtu asione kitu. Daktari akasema meno yangu yamepandana mno, yanataka chuma chenyewe. Basi nikawekewa, kila jino na kibati chake, waya ukipita juu yake unang'aa.

Siku ya Pasaka nilikuwa niongoze wimbo kanisani. Wimbo ule niliupenda ajabu, nikiuimba hadi bafuni. Lakini nilishaamua kumwambia mwalimu wa kwaya kwamba nina mafua, ampe mwingine.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kakamega. Wa rika lake waling'olewa meno ya chini wakiwa vijana, ndiyo ilikuwa desturi. Akaniita jikoni.

"Hebu toa huo mkono nione hiyo kitu."

"Kukhu, ni mabati tu. Watu watanicheka."

"Mimi siku walinitoa meno, nilienda mtoni nikicheka njia yote, kila mtu aone nimekuwa msichana mkubwa. Na iliuma, usidhani. Wewe unatengenezwa halafu unajificha? Hiyo haina rangi ingine?"

Nikamwambia ziko raba ndogo za kushikilia waya, za kila rangi, ila nilichagua kijivu zisionekane.

"Kijivu," akasema, kana kwamba nimemtukana.

Kesho yake tukarudi mjini pamoja, na rangi akachagua yeye: chungwa.

Pasaka ilipofika, nilifungua kinywa chote nikaimba. Kukhu alikuwa benchi la mbele, pengo lake wazi, akiwaambia majirani, "Huyo ni wangu!"

Sasa kesho ni zamu yako, na nina hamu kukuzidi. Daktari akikupa kauri, sawa, ila raba zake hugeuka njano kwa chai. Akisema chuma, kubali chuma. Lakini mkono usiupeleke mdomoni. Kitu kinachokutengeneza usikionee haya kabla hakijamaliza kazi. Mungu akupe wimbo wa kuongoza, mwanangu, na mtu wako wa benchi la mbele. Kesho rangi nachagua mimi.