Kreta ya Chala na Nyumba ya Same

Wanangu wananipenda sana. Wananipenda kiasi cha kunijengea nyumba mjini Same, karibu na barabara kuu, ili malori ya usiku yasiniache mpweke. Ina feni, kwa sababu joto la Same linahitaji kuzungushwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukubali kushuka kutoka milimani Gonja, ninakoishi tangu nistaafu ualimu, nikae tambarare kama mzigo uliokwisha kufika.

Nilikuwa nakataa kwa adabu. Mwanangu mkubwa, anayeishi Same, akaona nahitaji kubembelezwa, akanichukua yeye na mkewe kwenda kutembea Ziwa Chala, kule upande wa Rombo.

Kwa asiyelijua, nieleze kidogo. Ualimu hautoki mwilini. Milima yetu ya Pare haikutapika moto. Ni mwamba wa kale uliobaki juu ardhi ilipopasuka na kudidimia pembeni yake. Chala ni habari nyingine. Ni kreta, shimo la volkano iliyonyamaza, kuta zake zimesimama kama za chungu, na chini kabisa kuna maji ya rangi ya kijani na buluu yanayopenya ardhini kutoka Kilimanjaro. Jambo la kushika ni moja tu: kwenye kreta ya namna hii unaanza kwa kushuka. Liweke akilini, litatusaidia mbele.

Ukingoni mwanangu alinitafutia jiwe lenye kivuli, akaniwekea pakiti ya biskuti mapajani, akaniambia niwasubiri. Nikamwambia nami nashuka.

"Mama, unaliona hilo shimo? Goti lako litakubali?" akasema. "Na Gonja ni hivyo hivyo kila siku. Ndiyo maana tunasema uhame."

"Basi tufanye hivi, mwanangu. Nikishuka na kupanda bila kushikwa mkono, ile nyumba usinitajie tena. Nikishindwa, nahamia mwezi huu huu."

Alicheka, akakubali upesi mno kwa mtu anayempenda mama yake. Mkewe akasema yeye ni shahidi, na kwamba mama akishindwa, atakuja mwenyewe kufunga vyombo. Sikujua yuko upande gani.

Mwanangu alishuka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Aliruka mawe, alipiga picha, alimaliza chupa ya maji, na saa yake ya mkononi, ile inayompongeza mtu akitembea, ikawa inalia kwa furaha. Simlaumu. Watu wa Same hupanda kwetu Jumapili kusalimia, wakanywa chai, kisha wakateremka kwao. Miguu yao imejifunza kwamba mteremko ni mwisho wa safari. Sisi wa juu tunaishi kinyume: asubuhi tunateremka na ndizi kwenda sokoni, mchana tunapanda, jua mgongoni, sukari na chumvi kichwani. Anayemaliza nguvu kwenye mteremko atalala njiani. Kwa hiyo nilishuka ubavu ubavu na fimbo yangu, polepole, bila aibu.

Tulipofika kwenye maji nilimweleza mkwe wangu jinsi shimo lilivyotokea. Mwanangu alikuwa amelala chali juu ya jiwe, akitazama alikotoka. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kupaangalia.

Kupanda alianza kwa hatua ndefu, akanipita, akaniuliza kwa huruma kama nataka mkono. Mbele kidogo nikamkuta amekaa. Kwetu anayepanda hakai. Anaegemea fimbo akiwa wima, anavuta pumzi, anaendelea, kwa sababu miguu ikishaonja kukaa haitaki tena kusikia habari ya njia. Nilimfafanulia hayo kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwafafanulia watoto wa darasa la tatu, nikamtia moyo kwamba anaendelea vizuri. Saa yake ilikuwa imenyamaza.

Nisijisifu kupita kiasi. Goti la kushoto lilikuwa linawaka moto, na karibu na ukingo niliegemea fimbo muda mrefu kuliko desturi, nikijifanya natazama ndege. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu. Aliona. Nilingoja anyooshe mkono, na hapo mambo yangekuwa yamekwisha.

"Hata mimi napenda ndege, Mama," akasema, akaegemea mti, akasubiri.

Tukafika juu. Mwanangu alifika baadaye, nikampa zile biskuti.

Njiani hakuna aliyetaja nyumba. Tulipoingia Same nikaitazama njia ya kwenda kwenye feni yangu, lakini mwanangu hakupunguza mwendo. Alikata kona ya kuelekea Kisiwani, barabara ya kunirudisha Gonja.

"Ile nyumba tutaipangisha," akasema, macho mbele.

"Mtafute mtu anayependa malori," nikamjibu.

Kisha nikajifanya nimelala, ili nipate kulisugua goti chini ya khanga.