Nilivyomwandikisha Mzee Banzi akazikwe Tabora kupisha reli mpya

Wakuu, habari za saa hizi.

Hiki kilinikuta mwenyewe hapa Morogoro, na fomu yenyewe niliisaini kwa mkono huu ninaoandikia. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Shule niliiacha kidato cha pili. Nikapanda treni ya zamani kwenda Dar kutafuta maisha, Morogoro nikashuka kununua muwa, nikainua macho nikaiona milima ya Uluguru, nikajisemea hebu kwanza.

Treni ikaondoka. Hiyo "hebu kwanza" ina miaka mingi sasa. Nimepakia kabichi za Mgeta, nimekuwa utingo, nimechimba visima.

Chumba nilipanga kwa Mzee Banzi, Mluguru, mstaafu wa reli ya kati. Alikuwa mtu wa genge, wale jamaa wanaotembea juu ya reli na nyundo na spana, wanakaza hapa, wanabadilisha mataruma pale. Kila ninachokijua kuhusu reli alinifundisha yeye. Nilikuwa namuuliza maswali mpaka chai inapoa.

Kwa wasiojua, Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Babu zangu walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Mjerumani akaleta reli, kazi ikafa. Basi Mzee Banzi kila akiniona:

"Mpagazi! Mjerumani alijenga reli nzima kwa kuzihurumia shingo zenu!"

Nami namjibu, "Nyie treni yake ilivyopita hapa mlikimbilia mlimani, mkadhani joka limemeza moto."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Shikamoo yake nilimpa kila siku, ila baada ya matusi.

Alipofariki alizikwa shambani kwake, pembezoni mwa mji, hatua chache kutoka reli aliyoihudumia. Kaburi nilichimba mimi. Ndiyo kazi ya mtani.

Miaka ikapita, ikaja SGR, hii reli mpya ya treni ya umeme. Njia yake ikakata katikati ya lile shamba.

Familia ikaambiwa kaburi lihamishwe. Wachague wenyewe pa kumpeleka, na siku afisa atakapokuja wawe na kauli moja. Wasipoelewana, mzee atapelekwa kwenye eneo la pamoja, juu yake kiwekwe kibao cha namba.

Namba, wakuu! Mtu kakaza reli maisha yake yote, halafu alale kama behewa.

Mngedhani hapo watu watapatana. Wapi! Waluguru ukoo wanaufuata kwa mama. Kwa hiyo Kobelo, mtoto wa dada yake marehemu, mzee mwenye mvi zake, akasema mjomba ni wao, arudishwe mlimani juu ya Mkuyuni alikozaliwa. Mwalimu Deo, mtoto wa kwanza wa marehemu, akasema baba anazikwa makaburi ya mjini. Wiki nzima vikao. Mama Banzi, mjane, alikuwa pembeni kwenye mkeka wake anachambua mchicha.

Siku ikafika. Afisa alikuwa dada mmoja mpole, mgeni kabisa huku kwetu, ana faili na kalamu. Tukakusanyika kaburini, Mama Banzi naye pembeni na mkeka wake na mchicha wake.

"Msemaji wa familia ni nani?"

Deo akasimama. Kobelo akamdakia, "Kaa chini. Baba yako ulimzaa wewe?"

Kobelo akasimama. Dada zake Deo wakapiga kelele mpaka akakaa.

Ndipo Kobelo kwa hasira akaninyooshea fimbo. "Basi aseme huyu mpagazi! Si ndiye aliyemfukia?"

Watu wakacheka. Deo naye akasema, "Haya mtani, sema."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikaenda nikakaa juu ya kaburi, nikakunja uso kama hakimu.

"Marehemu alikuwa mtumwa wetu sisi Wanyamwezi. Tulimwacha hapa atuchungie mlima, akajifanya mwenyeji. Sasa tunamchukua. Anakwenda Tabora."

Vicheko! Hata Kobelo alikohoa kwa kucheka.

Dada anaandika. "Tabora sehemu gani?"

Nikajua kaingia kwenye mchezo. "Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, kwenye banda la mbuzi. Mbuzi wameshahama."

"Saini hapa."

Nikasaini, tena kwa madaha. Akafunga faili, akatoa simu, nikamsikia anasema, "Tutahitaji gari la kwenda Tabora."

Vicheko vikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Dada," Kobelo akasema, "huyu ni mtani!"

"Mtani ndiyo ukoo gani?"

"Siyo ukoo. Anatania."

"Kwa hiyo nyote mlikuwa mnanitania mimi?"

"Ndiyo! Yaani hapana!"

Dada wa watu akavuta pumzi. "Nakata mara moja tu. Mniambie sehemu moja, wote. Mkishindwa naandika familia haikuelewana."

Tulijua maana yake ni ile namba. Unadhani walituliza vichwa? "Mkuyuni!" "Mjini!" "Mkuyuni!" Dada akafungua kifuniko cha kalamu.

Wakuu, utani ulinitoka mwilini. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Mama Banzi. "Mama, nisamehe. Sema wewe."

Akaniangalia, kisha akawaangalia wao.

"Leo ndiyo mnaniuliza? Huyu alinioa, akaenda kulala kwenye makambi ya genge. Mara Kimamba, mara Kidete. Mwezi mzima namsubiri, akija analala siku mbili, anaondoka. Nimesubiri ujana wangu wote. Sasa mkampandishe kule juu, haya magoti yatafika? Nianze kumsubiri tena? Mwekeni mahali nitakapofika kwa miguu yangu."



Kobelo akavua kofia. "Basi mjini. Ila udongo wa hapa alipolala nauchukua mimi, naupeleka kwa mama zake."

"Chukua, kaka," Deo akasema.

Dada akakata Tabora kwa mstari mmoja mrefu, akaandika upya, wote wakasaini. Kisha akanigeukia. "Na wewe nikufanyeje?"

Kobelo akadakia, "Gari si limeshaagizwa? Mpeleke yeye!"

Kaburi la pili nalo nilichimba mimi. Limejengewa, lina jina lake kamili kwa herufi kubwa, chini yake FUNDI WA RELI. Kila Jumapili akitoka kanisani Mama Banzi anapita na fimbo yake, anakaa anapumzika, anamsema kidogo, anarudi nyumbani.

Nilichojifunza? Tulibishana ukoo na ubaba wiki nzima, na mwenye jibu alikuwa mita mbili kutoka kwetu anachambua mchicha. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nimo, pamoja na umbea wangu wote wa kuuliza kila kitu.

Na la pili, usimtanie mtu aliyeshika kalamu kabla hujamuuliza kabila lake.

Wenye makaburi yaliyopisha reli, barabara au bwawa, kwenu aliulizwa nani? Semeni hapo chini. Watani zangu Waluguru, matusi yenu nayapokea, ila msinitaje na mbuzi.