Mahali Chifu Alikuwa Analala

Enzi zetu mbwa hakuwa na daktari. Hata sisi watoto, daktari tulimwona tukishashindikana kabisa. Ukiumwa na tumbo unapewa maji ya chumvi, ukikatwa na chupa unafungwa kitambaa, na ukiendelea kulia Mama anakwambia, "Nyamaza, utapona kabla hujaolewa." Tulipona wengi. Wale hawakupona hawako hapa kuandika.

Mimi sikusoma sana, kwa hivyo mniwie radhi nikiandika vile ninaongea. Lakini hii naandika kwa wale wa rika langu waliokulia Kitengela wakati ilikuwa nyasi. Nyinyi mliokuja juzi mkakuta magorofa hamwezi kuamini. Miaka ya tisini, kabla ya ile mvua ya El Nino, ulikuwa unaamka kwenda choo unakuta punda milia amesimama karibu na kamba ya nguo anakuangalia kama mpangaji mwenzako. Nyumbu walipita nyuma ya kanisa wakiguna, mpaka mhubiri anangoja wamalize. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika kiatu unakaa nacho, unafika shule na kimoja. Shuleni tulikunywa yale maziwa ya pakiti za pembe tatu, tunatoboa kona na meno, na baadaye tunapuliza pakiti na kuirukia ilie kama bunduki. Jioni tunaruka bladda mpaka mpira unakatika, ama kalongolongo, tunapika matope kwa kopo la mafuta na kuitana Mama Fulani na Baba Fulani. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wacheze nje wanauliza nje kuna nini.

Kwetu tulikuwa tumetoka Bungoma kufuata kazi ya Baba. Baba alifanya kazi kiwanda cha simiti Athi River, shifti ya usiku. Alirudi asubuhi nywele nyeupe kama za babu, anakunywa chai bila kuongea, kisha analala mpaka saa tisa. Nyumba ilikuwa ya mabati juu mpaka chini, na mchana huo wote sisi tulitembea kwa vidole. Mama alikuwa anasema, "Mwenye kuleta unga amelala. Atakayemwamsha ale kelele yake."

Chifu aliletwa na dada ya Mama, aliyekuwa anafulia wazungu nguo huko Karen. Wenyewe walikuwa wanarudi kwao, wakasema mbwa apewe mtu. Alikuwa kambwa kadogo, keupe, sikio moja la kahawia, miguu mifupi kama ya kigoda. Mbwa wa boma za Wamaasai pale jirani, wale wa kufukuza fisi, walikuja kumnusa wakaenda zao kama watu walioonyeshwa kitu hawakielewi. Baba ndiye alimpa jina. Alisema anatembea kifua mbele kama chifu wa lokesheni. Shida ni kwamba chifu mwenyewe alikuwa anapita hapo Alhamisi na askari wake, na siku hiyo tulimwita mbwa "Wewe."

Baba hakuwa anapenda mtu wa bure kwa nyumba, hata kama ni mbwa. Akasema Chifu alindie Mama kuku. Kuku za Mama zilikuwa kumi na nne, na usiku vicheche vilikuwa vinakuja kuzichukua. Basi Chifu akawekewa gunia chini ya kibanda cha kuku, zile kuku zikilala juu yake kwa mbao. Kicheche akikaribia, Chifu anabweka, Mama anatoka na mwiko. Mimi ndiye nilimtandikia hilo gunia. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Kiangazi kilipoingia akaanza kujikuna. Kwanza kidogo, nyuma ya sikio. Halafu tumbo, halafu mgongo pale karibu na mkia, mpaka manyoya yakatoka na ngozi ikawa nyekundu kama nyama. Na alikuwa anajikuna akiegemea ukuta wa mabati. Ule mguu wa nyuma ukianza, ukuta wote unalia: du du du du du. Saa tano mchana. Baba amelala upande wa pili.

Siku ya kwanza Baba alirusha kiatu. Siku ya tatu alitoka nje na shuka kiunoni, macho mekundu, akasimama juu ya Chifu akaniambia polepole, na Baba akisema polepole ndio unaogopa: "Nafula, hii ngoma nimechoka nayo. Jumapili ijayo kama bado inapigwa, Barasa atakuja na gunia aipeleke kwa machimbo."

Barasa ni ndugu mdogo wa Baba. Alikuwa anasindikiza ng'ombe za wachuuzi kutoka soko ya Kajiado, na kwa sababu alikaa na ng'ombe alijiona daktari wa kila kitu chenye miguu minne. Machimbo ni yale mashimo ya mawe. Watu walitupa huko vitu ambavyo hawataki virudi. Nilikuwa na siku nane.

Nilijaribu kila kitu mtu alichoniambia. Fundi wa magari pale stendi, Kilonzo, alinipa oili chafu kwa kopo. "Paka yote, msichana. Upele unakosa pumzi unakufa." Nikapaka. Chifu akawa mweusi, akajiramba, akaharisha siku mbili, halafu ngoma ikarudi. Mama wa duka akasema magadi na chumvi. Nilipomwagia alilia sauti ambayo sijawahi kusikia mbwa akilia, na mimi nikalia, na Baba akagonga ukuta kutoka ndani. Zimebaki siku nne.

Hapo ndipo nilienda kwa Kokoo. Alikuwa mama mzee Mmaasai, boma yake ilikuwa ng'ambo ya njia yetu, na sisi watoto wote tulimwita Kokoo, yaani nyanya. Hakuwa mpole. Alikuwa anatufukuza na fimbo tukikanyaga nyasi ya ndama zake. Lakini ndama zake hazikuwa na vidonda.

"Supa, Kokoo."

"Epa. Umekuja kuiba nini?"

Nikamwonyesha Chifu. Alimgeuza tumbo juu kama mtu anachagua nyanya sokoni, akapanua manyoya na kucha, akanusa. Aliponusa ile oili akatema mate.

"Nani alipaka hii? Mtu ama gari?"

Akanituma nikate osuguroi, ule mshubiri unaota kwa mawe. Akaacha yale maji ya manjano yamwagike chini kwanza, akasema hayo ni sumu, mbwa asilambe. Kisha akapasua jani akatoa ile nyama nyeupe ya ndani, baridi, inateleza, akaipaka pale pamekuwa pekundu, taratibu, huku ameshika mdomo wa Chifu kwa mkono wa pili. Chifu alitetemeka mara moja. Halafu akanyoosha miguu yake mifupi, akalala. Alilala pale kwa kivuli mpaka jua likahama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki mbili nione mbavu zake zikipanda na kushuka kama za mnyama hana shida.

Kokoo akaniangalia. "Hii ni ya kupoza tu. Haiponyi. Kitu kinamuuma. Nakerai, mtoto wangu, huyu mbwa analala wapi?"

Mnielewe hapa. Jumapili hiyo hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu. Ilikuwa zamu ya Mama kuwakaribisha, na kwetu mgeni bila kuku ni kama hujamwita. Na kuku za Mama zilikuwa na utitiri. Vile vidudu vidogo kama pilipili, ukiingiza mkono kwa kiota vinapanda mpaka kwapa. Mama alikuwa amenishika sikio asubuhi hiyo: "Na usitoe nje mambo ya hapa. Nani atakula kuku ya nyumba iko na utitiri? Ukisema, umenivua nguo mbele ya watu."

Kwa hivyo nikamwambia Kokoo, "Analala kwa mlango."

"Kwa mlango tu?"

"Kwa mlango, Kokoo."

Akatikisa kichwa, akafikiri, akasema pengine ni vumbi la simiti baba analeta kwa nguo. Akanipa majani mengine ya osuguroi. Nikarudi nyumbani, nikamrudisha Chifu kwa gunia lake, chini ya kuku.

Jumamosi ngoma ilirudi. Anko Barasa akaja kabla ya gunia kuitwa, akicheka, na chupa ya soda imefungwa na karatasi ya nailoni. Alikuwa ametoka Kajiado. Huko kulikuwa na mwenye duka la dawa za mifugo, Kimotho, aliyekuwa anagawia watu dawa ya kupe kwa chupa za soda, bila maandishi, bila kipimo. Wote walimsifu kwa sababu aliuzia maskini kidogo kidogo. Mimi simsifu.

"Anko, hii inawekwa ngapi?" nikauliza.

"Wewe ni mwalimu? Ng'ombe mzima anaruka ndani ya dipu, anaogeshwa dawa hii hii, anatoka anacheza. Itakuwa haka kapanya?"

Akamimina nusu chupa kwa karai. Maji yakawa meupe kama maziwa, harufu ikapanda kichwani. Baba alikuwa mlangoni ameamka, anapiga miayo. Mama alikuwa anachambua mchele wa wageni, akaendelea kuchambua. Barasa akasema nimshike mimi kwa sababu mimi hataniuma. Nikamshika. Nilimwogesha na mikono mitupu, nikasugua kila kidonda vizuri, kwa upendo, nikihakikisha dawa imeingia. Nilijua nikifanya vizuri ataishi.

Kwanza alianza kutoa mate. Halafu miguu ikacheza yenyewe. Mimi nikaona jua limekuwa dogo kama tundu la sindano, nikatapika kwa karai. Nakumbuka Mama akipiga kelele jina langu. Nakumbuka kifua cha Kokoo, kinanuka moshi na maziwa, kwa sababu ndiye alinibeba mpaka barabarani kutafuta gari.

Niliamka kwa kituo cha afya baada ya siku mbili. Nesi aliniambia nimshukuru Mungu. Niliuliza Chifu ako wapi, Mama akasema, "Kunywa uji."

Akina mama wa kanisa walikuja Jumapili ile hata hivyo. Waliniombea. Walikula kuku.

Wiki iliyofuata ndugu zangu wadogo wakaanza kujikuna, kwa sababu vile vidudu vilikuwa vimekosa mbwa vikatafuta mtu. Hapo ndipo Mama alisimama. Alichoma lile gunia, akamwaga maji moto kwa mbao, akapaka majivu kila ufa, akahamisha kibanda mbali na nyumba. Ilimchukua mchana mmoja. Mchana mmoja tu. Chifu angeondolewa hatua kumi kutoka hapo, apakwe osuguroi, angezeeka.

Mimi niliambiwa nipumzike kidogo nyumbani kabla nirudi darasa la sita. Mikono ilikuwa inatetemeka, kalamu haishikiki. Nikapewa mtoto wa mwisho nimwangalie nikipumzika. Mpaka leo napumzika.

Basi nataja. Kimotho, aliyeweka sumu kwa chupa ya soda. Barasa, aliyemimina bila kupima, na ambaye kwa matanga ya Baba alisimulia hii hadithi kama kichekesho. Baba, aliyependa usingizi wake. Mama, aliyeogopa midomo ya kanisa. Hao watatu wa kwetu wamelala chini na sitawafufua nigombane nao. Na Nafula, aliyeulizwa swali moja la maana maishani akajibu uongo.

Sasa binti yangu Mercy ako na kambwa. Anakaita Bela. Bela ana kadi ya kliniki, ana shampuu inanuka matunda, ana sweta. Akikohoa wanapiga picha kwanza, wanatuma kwa marafiki, ndio wamshike. Mwezi uliopita alianza kujikuna, Mercy akaniambia akiangalia simu, "Mum, wanasema ni aleji." Nikamwambia weka hiyo simu chini. Nikapiga magoti nikainua kile kitanda chake cha manyoya. Nikapata viroboto wamejaa kwa mshono. Tukafua kila kitu na maji moto, tukaanika juani, tukamwogesha Bela na maji baridi, halafu tukampeleka kwa daktari wake, na huyo daktari alipima dawa kwa sindano ndogo, tone kwa tone, baada ya kumweka kwa mizani. Nilitoka nje nikasimama kwa ukuta. Mercy alidhani ni harufu ya dawa.

Nakubali siku hizi ni bora. Mbwa anapimwa, chupa ina maandishi. Lakini nyasi imeisha, nyumbu hawapiti, na hakuna mtu ng'ambo ya njia atakayekuuliza, "Umekuja kuiba nini?" Boma ya Kokoo sasa ni nyumba za kupanga, ghorofa nne, kila mtu na mlango wake wa chuma. Alikufa sijamwambia.

Tulipokuwa tunarudi na Bela nilisimama hapo kwa geti, mahali osuguroi ilikuwa inaota. Mlinzi akaniuliza natafuta nani. Nikasema nilikuwa na jibu la mama mmoja.

Analala chini ya kuku, Kokoo. Chini ya kuku.